Kadi kwa Baba, Ufunguo kwa Mtoto: Kisa cha Ethan Couch

Usiku wa Jumamosi, tarehe 15 Juni 2013, mwanamke wa miaka 24 aliharibikiwa na gari kwenye barabara ya Burleson-Retta, kusini mwa Fort Worth, Texas. Mama mmoja na binti yake, wakazi wa hapo jirani, walitoka nyumbani kwao kwenda kumsaidia. Mchungaji wa vijana aliyekuwa akipita akaegesha gari lake pembeni, watoto wawili wakiwa ndani, akateremka kuona kuna nini. Hao ndio watu wanne waliokuwa kando ya barabara saa sita kasorobo usiku, ilipotokea pikapu nyekundu aina ya Ford F-350. Ilikuwa kwenye mwendo wa maili 70 kwa saa, yaani kama kilomita 112, mahali ambapo kikomo ni maili 40.

Wote wanne walikufa. Pikapu ilitoka nje ya barabara, ikaligonga gari bovu, ikalivaa gari la mchungaji, nalo likasukumwa hadi kugongana na Volkswagen iliyokuwa ikija. Kisha pikapu ikapinduka na kuishia kwenye mti. Ilikuwa imebeba vijana wanane, dereva akiwa mmoja wao, wengine nyuma kwenye bodi, na hakuna hata mmoja aliyefunga mkanda. Mmoja wa waliokaa kwenye bodi aliumia ubongo vibaya. Hakutembea tena wala kusema, na familia yake ikabaki kuzungumza naye kwa kupepesa macho. Dereva, Ethan Couch, alikuwa na miaka 16. Saa tatu baada ya ajali damu yake ilipimwa, ikakutwa na pombe kwa kiwango cha 0.24. Texas mtu mzima huhesabiwa amelewa akifika 0.08, na aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kushika usukani akiwa na pombe mwilini hata kidogo. Bia yenyewe, katoni mbili, vijana walikuwa wameiiba dukani kama saa moja kabla.

Kisa hiki kilizunguka dunia nzima kwa sababu ya utetezi uliotolewa mahakamani, kwamba kijana aliharibiwa na utajiri wa wazazi wake. Tutaufikia utetezi huo. Lakini katika kelele zote zile, watu walizungumza mno juu ya utajiri na kidogo sana juu ya gari. Mimi nataka kuanza na gari: lilinunuliwa na nani, kadi ilisoma jina gani, na ufunguo ulilala mfukoni mwa nani.

Kadi ilisoma jina la kampuni, Cleburne Metal Works, kampuni ya mabati ya baba yake, Fred Couch. F-350 si gari la mwanafunzi. Ni gari la kazi, la kubeba vyuma na kuvuta trela, lenye uzito wa karibu tani tatu kabla halijapakia kitu. Kwa hiyo kwenye makaratasi Ethan hakuwa na gari; baba alikuwa na kampuni, kampuni ilikuwa na pikapu, na pikapu ilikuwa na bima ya kampuni. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ila katika maisha ya kila siku, anayeliamsha na kulilaza lile gari alikuwa mtoto, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza anakwenda wapi.

Mpangilio huu ndio kiini cha kisa, kwa maoni yangu. Kumiliki kitu kuna pande mbili: kuna kulipa, na kuna kutawala. Baba alibaki na upande wa kulipa wote, kuanzia bei na bima hadi mawakili baadaye. Upande wa kutawala aliuachia kijana mapema mno, na hakuurudisha hata pale ulipoanguka chini na kusubiri kuokotwa.

Mapema kiasi gani? Mahakamani ilielezwa kwamba Ethan aliruhusiwa kuendesha akiwa na miaka 13. Alikuwa akijiendesha mwenyewe kwenda shule. Mkuu wa shule alipohoji, baba alijibu kwamba mwanawe ni dereva hodari. Tuliokulia huku Afrika Mashariki tusiharakishe kucheka. Kenya na Tanzania umri wa leseni ya gari ni miaka 18, lakini ni wangapi kati yetu tulioanza kwa kuosha gari la baba siku ya Jumapili, kisha tukaombwa tulirudishe nyuma kidogo hadi getini, kisha tukatumwa dukani mtaa wa pili kwa sababu "barabara ya ndani haina trafiki"? Baba anayemsifu mtoto wa miaka 13 kwa kushika usukani vizuri si kiumbe wa Texas peke yake. Na mara nyingi anasema kweli: mtoto anajua kuendesha. Mikono na miguu hujifunza upesi. Kinachochelewa ni akili ya kumwambia aache, na hiyo haionekani ukiwa umeketi kiti cha abiria mchana kweupe.

Sasa tuje kwenye tukio ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko mengine yote kabla ya ajali. Februari 2013, miezi minne kabla ya vifo vile, polisi wa mji mdogo wa Lakeside walimkuta Ethan ndani ya pikapu iliyoegeshwa. Alikuwa na miaka 15. Alikuwa na pombe, na pembeni yake alikuwa msichana wa miaka 14, hana nguo, hajitambui. Aliandikiwa makosa ya mtoto kukutwa na pombe na kuinywa. Hakuyapinga. Aliamriwa kuhudhuria darasa la madhara ya pombe na kufanya saa kadhaa za kazi za jamii.

Simama hapo kidogo. Hebu fikiria wewe ndiye mzazi, umeitwa na polisi usiku kwa sababu mtoto wako wa miaka 15 amekutwa kwenye hali hiyo, ndani ya gari. Mengine yote yanaweza kuwa magumu: kuzungumza naye, kumtafutia msaada, kukutana na wazazi wa yule binti. Lakini kuna jambo moja jepesi, halihitaji mwanasaikolojia wala wakili. Unanyoosha mkono, unasema nipe ufunguo. Unautia mfukoni, na kesho mtoto anapelekwa shule kama anavyopelekwa mtoto wa miaka 15.

Hilo halikufanyika. Mwanasaikolojia wa upande wa utetezi mwenyewe ndiye aliyelitaja tukio hilo mahakamani kama mfano wa kijana kutoadhibiwa nyumbani. Aprili alitimiza miaka 16, akapata leseni ya vijana yenye masharti, na Juni alikuwa kwenye barabara ya Burleson-Retta.

Masharti ya leseni hiyo yanastahili kuangaliwa, kwa sababu wazazi wengi huamini sheria itawalelea. Texas, kama majimbo mengi ya Marekani, humpa kijana leseni kwa ngazi. Katika mwaka wa kwanza haruhusiwi kubeba zaidi ya abiria mmoja aliye chini ya miaka 21 asiye ndugu yake, na haruhusiwi kuwa barabarani kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri isipokuwa kwa kazi, shughuli ya shule au dharura. Sababu ya sharti la abiria ni kwamba hatari ya ajali kwa dereva wa miaka 16 au 17 hupanda kila anapoongezeka kijana mwenzake ndani ya gari. Ethan alikuwa na saba. Sharti la saa hakulivunja, ajali ilitokea robo saa kabla. Lakini nani angemzuia asipakie watu saba? Polisi hayupo kwenye ua wa nyumba yako. Sharti la abiria linasimamiwa na mtu anayemwona mtoto akiondoka, na nyumba ile ya Burleson haikuwa na mtu wa namna hiyo. Wazazi walikuwa wameachana, na kijana mara nyingi aliachwa peke yake kwenye nyumba kubwa ya familia. Ndiko tafrija ya usiku ule ilikofanyika.

Ipo takwimu moja ninayoipenda kwa sababu inagusa jambo hili hasa. Mwaka 2009 watafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia walichapisha katika jarida la Pediatrics matokeo ya utafiti wao juu ya wanafunzi wa sekondari nchini Marekani. Vijana waliokuwa na gari lao, au gari ambalo wao ndio watumiaji wake wakuu, walipata ajali mara mbili zaidi ya wale waliokuwa wakigawana gari na familia. Walikuwa pia wepesi zaidi wa kukimbiza gari na kushika simu. Utafiti mwingine wa kundi hilohilo mwaka huohuo ulionyesha kwamba vijana ambao wazazi wao huweka masharti na kuwafuatilia, huku wakiwa karibu nao, walikuwa na nusu tu ya ajali za wenzao wasiofuatiliwa.

Anayegawana gari hulazimika kuomba. Hilo tu. Anakuja sebuleni anasema, "Mama, naomba gari jioni," na papo hapo yanafuata maswali: unakwenda wapi, na nani, utarudi saa ngapi, mafuta yapo? Mazungumzo ya nusu dakika, na mara nyingi jibu ni ndiyo. Lakini mtoto ametaja mahali, ametaja majina, na anajua asubuhi mama ataingia kwenye gari hilohilo na kunusa kama kuna harufu ya sigara. Ukimnunulia la kwake, umeinunua na hiyo nusu dakika ukaifuta.

Kesi ilisikilizwa na mahakama ya watoto ya kaunti ya Tarrant, mbele ya Jaji Jean Boyd. Ethan alikiri makosa manne ya kuua kwa kuendesha akiwa amelewa na mawili ya kujeruhi. Waendesha mashtaka waliomba kifungo cha miaka 20. Mwanasaikolojia aliyeitwa na utetezi alieleza kwamba kijana alikuwa na "afluenza": amelelewa kwenye mali na uhuru usio na mipaka hadi hakuwa na uwezo wa kuunganisha tendo na matokeo yake, kwa sababu nyumbani kwao fedha ilimaliza kila tatizo. Hali hiyo haimo katika orodha ya magonjwa inayotambuliwa na madaktari wa akili wa Marekani. Tarehe 10 Desemba 2013 jaji akampa kifungo cha nje cha miaka 10 pamoja na matibabu. Katika uamuzi wake hakulitaja neno afluenza. Alisema alikuwa na shaka kama kijana angepata tiba ya kina katika taasisi za watoto za jimbo.

Watu walimcheka sana yule mwanasaikolojia, na familia za marehemu zilikuwa na kila haki ya kukasirika. Lakini ukiusoma ushahidi wake bila hasira, maelezo yake juu ya nyumba ile yalikuwa sahihi. Mtoto alipewa vitu vya mtu mzima bila wajibu wa mtu mzima. Hakuna mahali aliposema uongo. Kilichopinda ni hatua iliyofuata. Kama kosa ni la malezi, basi swali la pili linapaswa kuwa: na waliolea? Hoja ile ililitoa kosa mabegani mwa kijana, ikalibeba hadi mlangoni kwa wazazi, kisha ikaliacha hapo nje. Ndani hakuna aliyegongewa.

Tazama hata gharama ya matibabu. Utetezi ulipendekeza kituo cha Newport Beach, California, kinachotoza dola 450,000 kwa mwaka, baba akiwa tayari kulipa. Yaani dawa ya mtoto aliyeharibiwa kwa kulipiwa kila kitu ilikuwa ni kulipiwa kitu kingine, tena karibu na bahari. Mwishowe alipelekwa hospitali ya jimbo ambayo gharama yake ilikuwa dola 715 kwa siku, zaidi ya dola 21,000 kwa mwezi. Wazazi wakaamriwa kuchangia dola 1,170 kwa mwezi, kiwango cha juu cha utaratibu wa jimbo. Kilichobaki kilibebwa na walipa kodi wa Texas, zikiwemo familia zilizotoka makaburini.

Na kuna kulinganisha ambako wenyeji wa Tarrant walikufanya upesi sana. Mwaka 2004 jaji huyohuyo alimhukumu kijana mwingine wa miaka 16 aliyelewa, akaendesha pikapu, akaua mtu mmoja. Pombe yake ilikuwa 0.11, chini ya nusu ya ile ya Ethan. Alikuwa kijana maskini aliyelelewa na babu yake. Akapewa miaka 20. Pikapu aliyoiendesha ilikuwa ya wizi.

Kila kesi ina ushahidi wake, na jaji hahukumu kwa mizani ya magazeti. Hata hivyo tofauti hiyo ya mwisho inanisumbua. Wa kwanza alichukua gari bila ruhusa, na wizi huo ukawa sehemu ya ubaya wake. Wa pili alikuwa na ruhusa ya kudumu, iliyotolewa tangu miaka 13 na isiyotenguliwa hata baada ya Februari. Ruhusa hiyo ilimpunguzia yeye lawama, na haikumwongezea lawama aliyeitoa. Kwa vifo vile vinne, hakuna mzazi aliyeshtakiwa kwa jinai. Methali yetu inasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hapa waliolia kwanza ni watu wa nyumba nyingine kabisa.

Mahakama za madai ndizo zilizogonga mlango wa mwenye gari. Familia sita zilifungua kesi dhidi ya Ethan, wazazi wake na kampuni. Sheria ya madai ya Marekani inamruhusu aliyeumizwa kumdai mwenye chombo, siyo dereva peke yake, ikiwa mwenye chombo alimkabidhi mtu ambaye alijua, au alipaswa kujua, kwamba hafai kuendesha. Hapo ndipo tukio la Februari linapogeuka kuwa ushahidi. Baba hawezi tena kusema hakujua. Fidia zilipatikana kwa makubaliano nje ya mahakama. Familia ya kijana aliyepoteza uwezo wa kusema ilikubali zaidi ya dola milioni 2. Familia moja iligoma kwa muda, ikitaka kesi isikilizwe hadharani mbele ya baraza la wazee wa mahakama, kwa sababu ilichotaka ni maelezo na siyo hundi. Nayo ikakubaliana mwishowe.

Hizi hesabu zinawahusu Waswahili wa huko kuliko wanavyodhani. Eneo la Dallas na Fort Worth limejaa familia kutoka Kenya, Tanzania na Kongo. Arlington, katika kaunti hiyohiyo ya Tarrant, ni mji wa watu karibu 400,000 ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa kutokuwa na mabasi ya kawaida ya abiria. Mama anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, baba yuko ghalani au anaendesha lori, na kijana wa miaka 16 ana shule, mazoezi ya mpira na kibarua cha jioni. Nani atampeleka? Kumnunulia kagari kakuukuu si anasa hata kidogo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaokisoma kisa cha Couch kama hadithi ya matajiri. Toa nyumba kubwa na kampuni ya mabati, kinachobaki ni wazazi wasiokuwepo na mtoto mwenye ufunguo, na hilo linapatikana kwenye Corolla ya mwaka 2008 vilevile. Tofauti ni kwamba yule tajiri alijitenga kwa kupenda, na huyu wa zamu ya usiku anatengwa na kodi ya nyumba.

Wazazi wa namna hii hupeana ushauri mmoja ninaousikia mara kwa mara: mtoto akifika miaka 18, liandikishe gari kwa jina lake na umkatie bima yake ndogo, ili akigonga mtu wewe uwe nje. Hebu tuipime hekima hiyo kwa ajali hii. Bima ya chini kabisa inayotakiwa na sheria ya Texas kwa wanaoumizwa ni dola 30,000 kwa mtu mmoja na dola 60,000 kwa ajali nzima. Gawanya dola 60,000 kwa watu wanne waliokufa na wengine waliolazwa. Haifiki popote, mgonjwa mmoja wa ubongo anazimaliza kabla wiki ya kwanza haijaisha. Kwa mzazi, hesabu hiyo inaweza kumkinga. Kwa aliyegongwa, ni kuachwa na deni na kijana asiye na kitu. Na kwa mamlaka yako nyumbani ni pigo la moja kwa moja, kwa sababu gari lenye jina la mtoto huwezi kulinyang'anya bila kugombana juu ya mali yake. Ningekuwa mimi, kadi ingesoma jina langu hadi mtoto aweze kulipa bima mwenyewe, bima ingekuwa kubwa kuliko ile ya lazima, na ufunguo ungetundikwa msumarini ukutani, hata kama kila asubuhi yeye ndiye anayeutoa.

Turudi kwa Couch, maana bado kuna gari la pili.

Mwanzoni mwa Desemba 2015 picha ya video ilisambaa mtandaoni ikionyesha vijana wakicheza mchezo wa kunywa bia, na mmoja wao alionekana kuwa Ethan, ambaye kifungo chake cha nje kilimkataza pombe. Siku chache baadaye hakutokea kwa afisa anayemsimamia. Alikuwa ametoroka na mama yake, Tonya. Hati ya polisi ilisema mama alitoa dola 30,000 benki. Kabla ya kuondoka waliandaa hata sherehe ndogo ya kuagana. Wakavuka mpaka kuingia Mexico kwa pikapu ya mama, Ford nyingine, wakafika hadi Puerto Vallarta kwenye pwani ya Pasifiki, kijana akiwa amepaka nywele rangi nyeusi. Walikamatwa tarehe 28 Desemba. Kilichowaponza ni simu iliyotumika kuagiza piza.

Wengi walilisoma hili kama kichekesho. Mimi naona mwendelezo. Mwaka 2013 gari la mzazi lilikuwepo mtoto alipotaka kwenda mahali asipopaswa kwenda, na mwaka 2015 likawepo tena, safari hii mzazi mwenyewe akiwa ndani. Fikiri ni nini mama huyu alikuwa akikwepa. Kwa kosa la ile video, pengine jaji angempa mwanawe adhabu ya miezi kadhaa. Alikuwa anakimbia mara ya kwanza katika maisha ya mtoto wake ambapo tendo lingefuatwa na matokeo.

Ethan alirudishwa Marekani Januari 2016. Kesi yake ikahamishiwa mahakama ya watu wazima, na Aprili mwaka huo Jaji Wayne Salvant alimpa siku 720 jela kama sharti la kifungo chake cha nje: siku 180 kwa kila aliyekufa, zikifuatana. Alitoka tarehe 2 Aprili 2018, akiwa na kifaa cha kufuatilia mguuni, marufuku ya pombe, na amri kwamba gari atakaloendesha lifungwe chombo cha kupima pumzi, kisichowaka mpaka dereva apulize na kuonekana hana pombe. Alikuwa anakaribia miaka 21. Januari 2020 alikamatwa tena baada ya kipimo kuonyesha dalili za bangi, akaachiwa siku iliyofuata.

Sheria ya jinai juu ya wazazi imeanza kusogea, ingawa kupitia chombo kingine. Novemba 2021 huko Oxford, Michigan, kijana wa miaka 15 aliua wanafunzi wanne kwa bastola ambayo baba yake alikuwa amemnunulia siku nne kabla. Asubuhi ya tukio shule iliwaita wazazi, ikawaonyesha michoro yake ya kutisha, nao wakamwacha darasani na kurudi kazini. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja kwa kesi yake, walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakapewa kati ya miaka 10 na 15 jela. Upande wa mashtaka haukujikita kwenye ununuzi peke yake. Ulijikita kwenye kile wazazi walichokiona baada ya kununua, na kwamba walikuwa na nafasi ya kunyoosha mkono na hawakuinyoosha.

Huko Texas mama alishtakiwa kwa safari ya Mexico, kwa kosa la kumsaidia mtuhumiwa kukwepa kukamatwa. Kwa ile miezi minne kati ya Februari na Juni 2013, hakuna aliyeitwa kujieleza mbele ya mahakama ya jinai.